Sura ya Saba: Daftari la Mlinzi wa Daraja

Bwana Haney aliliweka faili juu ya meza ya Zenobie Arceneaux kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya kwa mkia.

"Kamati inakaa saa tisa," alisema. "Kabla ya hapo nataka msimbo wa malipo wa mgonjwa huyu. Msimbo wa kweli."

"Ninao wa aina nyingine?" Zenobie aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa akimenya chungwa. "Keti, Bwana Haney. Hicho kiti hakiumi."

Haney hakuketi. Alikuwa mkuu wa ukaguzi katika hospitali ya Anse Perrine, mwezi wa tano sasa tangu aje kutoka Houston, na bado alikuwa akila saladi ya majani kutoka kwenye kopo la plastiki katika jengo linalonuka gumbo, mchuzi mzito wa bamia, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Alikuwa mtu mwaminifu, mkavu kama ubao wa kupigia pasi.

Zenobie, kwa upande wake, alikuwa amekaa katika chumba kile cha chini miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kusoma mafaili ya wagonjwa na kukipa kila walichotendewa msimbo wake, herufi na tarakimu saba, si sita wala nane. Madaktari walimwogopa kidogo. Faili likiwa na tundu, Zenobie alilitia kidole.

"Ovide Latiolais, miaka sabini na sita, nimonia," Haney alisema. "Aliwekwa mpira kooni na kuunganishwa na mashine ya kupumulia Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mpira ukatolewa Jumatatu, saa tano na dakika arobaini asubuhi."

"Saa tisini na nane na nusu," Zenobie alisema kabla Haney hajafikia simu yake ya kupigia hesabu.

"Na mpaka ni saa tisini na sita. Akiwa chini ya mpaka, msimbo huu. Akiuvuka, msimbo ule, na hospitali inalipwa zaidi. Sasa soma mstari wa Jumapili jioni."

Zenobie alifuta vidole, akasoma. Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Ametolewa kwenye mashine. Mashine nambari 7. A. Fontenot.

"Hapo ni saa themanini na nusu tu," Haney alisema. "Lakini jana Fontenot akaongeza maelezo. Anadai Jumapili lilikuwa jaribio tu, na kwamba usiku mgonjwa alirudishwa kwenye mashine. Usiku ambao yeye Fontenot alikuwa kwake amelala. Nikamwambia fundi asome kumbukumbu ya mashine nambari 7. Tangu Jumapili dakika ile ile haijampa mtu pumzi hata moja."

"Na kwa nini Fontenot aliongeza maelezo jana?"

"Kwa sababu wewe ulimwandikia swali."

Chungwa lilibaki mkononi mwa Zenobie. Ni kweli, alikuwa ameandika. Kila siku aliandika maswali kama hayo kumi: Tafadhali fafanua, je, mgonjwa alikuwa anaachishwa mashine au alikuwa ameshaachishwa? Swali la kawaida, kama mtu kuulizia chumvi mezani.

"Ukithibitisha themanini na nusu," Haney alisema, "jina lake linakwenda kwa bodi ya leseni leo hii. Mtu anayebuni saa za mgonjwa hafai kushika mashine. Je, mna undugu?"

"Mama yake ni binti wa binamu wa marehemu mume wangu."

"Basi nitafute mwingine."

"Hapa Anse Perrine, Bwana Haney, ukitaka mtu asiye ndugu wa mwenzake, agiza kutoka Houston." Zenobie alivaa miwani yake. "Na wewe umeshaagizwa. Utakagua kila nitakachoshika. Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na robo."

"Inatosha kuchemsha maharage."

*

Alimkuta Alcide Fontenot kwenye ngazi za nyuma ya jikoni, bakuli la gumbo mapajani, kijiko kimesimama ndani kama mlingoti. Alikuwa mtaalamu wa upumuaji kwa miaka kumi na mmoja, mwenye mabega ya farasi na sauti ya mwimbaji wa kwaya.

"Kula," Zenobie alisema. "Gumbo ikipoa inafaa kung'arishia viatu."

"Bi Zen, nanyongwa saa tisa."

"Ndiyo unyongwe ukiwa na njaa? Mama yako hakukulea hivyo. Nieleze Jumapili, taratibu, kama unamweleza mtu wa Houston."

Alcide alikula kijiko kimoja kwa adabu. "Kumwachisha mtu mashine ni kama kumwachisha mtoto ziwa. Hukati siku moja. Unamnyima kidogo, unamtazama, akizidiwa unampa tena. Jumapili jioni nikaitenga mashine, nikamwacha Mzee Ovide apumue mwenyewe kupitia ule mpira. Mashine ipo pembeni, imewashwa, inasubiri. Saa moja zamu yangu ikaisha, nikamkabidhi kwa Noreen."

"Noreen yuko wapi?"

"Alikuwa wa mkataba. Umeisha Jumatatu. Sasa anaendesha gari kwenda Alaska na mbwa wawili. Nimepiga simu mara tisa."

"Jumatatu asubuhi ulimkutaje mgonjwa?"

"Yuko kwenye mashine. Nimeona kwa macho yangu haya."

"Nambari ngapi?"

Kijiko kilisimama hewani. "Mashine ni mashine, Bi Zen. Mimi natazama kifua cha mtu, sitazami kibao."

"Haya. Mbona Jumapili hukuandika neno jaribio?"

"Kompyuta zilikuwa zinazimwa saa kumi na mbili kwa matengenezo mpaka asubuhi. Nina wagonjwa wanne na dakika ishirini. Nikaandika maneno matatu, nikakimbia."

"Ametolewa kwenye mashine," Zenobie alisema. "Maneno matatu yamekaa kwenye leseni yako kama tembo kwenye kochi. Usiku waliandika wapi?"

"Kwenye karatasi. Asubuhi zikapelekwa kwenu ziingizwe."

"Kwangu imefika moja tu ya kitanda cha sita, cha Mzee Ovide." Aliichomoa kwenye faili. Ilikuwa ya nesi wa zamu, mistari miwili: Saa tatu usiku. Ametulia. Amechanganyikiwa, anaandika habari za daraja na anadai saa. "Hii haisemi lolote kuhusu mashine."

"Basi nimekwisha."

"Umekwisha ukimaliza hilo bakuli. Kula."

*

Karakana ya mashine ilikuwa mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa mizigo. Dudley Prejean, fundi, alikuwa amelala chini ya kitanda cha umeme, miguu nje.

"Dudley, nipe kumbukumbu ya nambari 7."

"Nilishampa yule mwanamfalme wa majani." Alijitoa chini ya kitanda, akajipangusa. "Hajakosea, Bi Zen. Ile mashine imenyamaza tangu Jumapili jioni. Tena nilipoipokea Jumatatu, betri ilikuwa imekufa kabisa."

"Imekufa lini?"

"Betri haiachi wosia."

Zenobie aliandika hilo kwenye kiganja cha mkono, tabia aliyokataa kuiacha. Kisha akatazama ubao ukutani, ambapo Dudley alikuwa amepanga mashine zote za kupumulia za hospitali: 1, 2, 3, 5, 6, 7, 8.

"Nambari 4?"

"Ilikwenda na maji ya kimbunga. Sikuipa nyingine namba yake. Ilikuwa mashine nzuri, niliipenda."

"Na hizo mbili mlangoni, zilizofungwa nailoni kama zawadi, njano ikichungulia?"

"Za kukodi. Tulizichukua wakati wa mafua. Lori linakuja kuzirudisha saa nane, na mimi nashukuru, maana zimenijaa njiani."

"Zisome hizo nyingine sita."

"Nilizisoma jana. Jumapili usiku mbili zilikuwa zinafanya kazi, kitanda cha pili na cha tisa. Cha sita hakuna." Dudley alishusha sauti. "Alcide ni kijana mzuri. Lakini mtu akiogopa, anaandika."

Zenobie alirudisha kalamu mfukoni. Alipanda ngazi polepole zaidi kuliko alivyoshuka. Kufikia hapo hesabu ilikuwa nyepesi na mbaya. Kama Mzee Ovide alipumua mwenyewe usiku kucha, basi hilo halikuwa jaribio tena. Alikuwa ameshaachishwa, na saa zake ziliishia themanini na nusu. Mashine saba, na hakuna hata moja iliyomfahamu usiku ule. Alikuwa amebaki shahidi mmoja ambaye kamati haikufikiria kumuuliza, kwa sababu faili lilisema amechanganyikiwa.

*

Shahidi huyo alikuwa ghorofa ya tatu, ameketi kitandani na shuka hadi kidevuni, mtu mdogo mwenye nyusi kubwa. Mkewe, Bi Eula, alikuwa anafunga haraka kitu kama soseji kwenye karatasi ya nta.

"Hiyo ni boudin," Zenobie alisema.

"Ni maombi," Bi Eula alijibu. "Yana wali na pilipili kidogo."

"Daktari amesema uji tu," Mzee Ovide alisema kwa sauti iliyokwaruzwa na mpira. "Huyo daktari ana miaka kumi na miwili. Wewe ni nani, mama?"

"Arceneaux, wa mafaili. Nimekuja kuuliza kuhusu Jumapili usiku."

"Mwulize," Bi Eula alisema. "Anakumbuka kila kitu isipokuwa siku yetu ya harusi."

"Ilikuwa Jumamosi."

"Ilikuwa Ijumaa, Ovide, na ulisimama juu ya sanduku ili unifikie."

"Nina futi tano na inchi tatu," Mzee Ovide alimwambia Zenobie kwa utulivu, kama mtu anayeapa mahakamani.

"Futi tano na inchi moja. Ukivaa buti."

Zenobie aliwaacha wamalize, kwa maana ndoa ya miaka hamsini na miwili ina haki ya kupita kwanza. Kisha akauliza: "Nesi ameandika kwamba ulikuwa unaandika habari za daraja."

Wazee wakatazamana. Bi Eula alifungua mkoba, akatoa ubao mdogo wa kubania karatasi, ule ambao wagonjwa wenye mpira kooni hupewa ili waombe maji au mto.

"Nilimnyang'anya Jumatatu nikautunza," alisema. "Nilidhani ni maneno yake ya mwisho. Niliketi hapo chini garini, nikavaa miwani, nikajiandaa kulia. Kumbe daraja."

"Miaka thelathini na minane," Mzee Ovide alisema, "nimelinda daraja la kuinuka pale Bayou Tasse. Meli ikija, naliinua. Ikipita, nalishusha. Kila mara naandika: saa, daraja liko juu au chini, chombo gani, nani yuko zamu. Usipoandika, halikutokea. Sasa mimi nimelala pale, mikono imefungwa mipira, sijui kama nitaona kesho. Nikaona saa ukutani. Nikasema, basi, angalau niweke daftari."

Zenobie alisogeza ubao kwenye mwanga wa dirisha. Mwandiko ulitetemeka lakini safu zilikuwa nne, zimenyooka kama reli.

Jumapili, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Juu. Chombo 7. Alcide.

Jumapili, saa moja na dakika ishirini jioni. Chini. Chombo 4. Viatu vya kijani.

Jumatatu, saa tatu kasoro dakika tano asubuhi. Juu. Chombo 4. Alcide.

Alisoma mara mbili. Mstari wa kwanza ulikuwa ule ule wa faili, dakika kwa dakika. Mtu aliyechanganyikiwa hapatii dakika.

"Juu ni nini?"

"Juu, mashine imetengwa. Njia yangu iko wazi, pumzi yangu inapita yenyewe. Chini, mashine imeshika, mimi nangoja."

"Na viatu vya kijani?"

"Yule mwanamke wa usiku. Hakutaja jina, na mimi nina mpira kooni, ningemuulizaje? Ile mashine ya kwanza ilianza kulia pii, pii. Akaitukana vizuri sana, akaisukuma nje, akaleta nyingine. Akanifungia."

Pii, pii. Zenobie alitazama kiganja chake: betri.

"Mzee Ovide, hospitali hii haina mashine nambari 4. Ilikwenda na kimbunga."

Mzee aliinua nyusi zote mbili. "Mama, mlinzi akiandika jina la meli kwa kubahatisha, kesho yake anauza karanga. Ilikuwa kibandiko cha njano, kikubwa kama sahani, mbele ya uso wangu usiku kucha. Nne."

"Alcide anasema hakuona kibandiko."

"Alcide alikuwa ananitazama mimi," Mzee Ovide alisema. "Ndiyo maana nampenda."

Zenobie alikuwa ameshasimama. Mashine za Dudley zilikuwa na vibao vyeupe, kila kimoja kidogo kama stempu. Kitu pekee chenye rangi ya njano alichokiona leo kilikuwa mlangoni, chini ya nailoni. Alitazama saa ya ukutani. Saa nane kasoro dakika sita.

"Naweza kuchukua hili daftari?"

"Utalirudisha," Mzee Ovide alisema. "Halijafungwa. Daftari lina mstari wa mwisho."

*

Lifti ya Anse Perrine ilijulikana kwa uvivu, kwa hiyo Zenobie alishuka kwa ngazi, ubao kifuani, miwani mdomoni. Alipofika mlango wa mizigo, lori lilikuwa limeshafungua mgongo wake na mashine moja ilikuwa imo ndani. Ya pili ilikuwa juu ya kitoroli, dereva ameipa bega.

"Simama hapo," Zenobie alisema.

"Mama, nina safari ya Lake Charles."

"Lake Charles haihami. Dudley, fungua nailoni."

Dudley alitoka na kikombe cha kahawa, akatazama uso wa Zenobie, akaweka kikombe chini na kuchomoa kisu. Nailoni ilianguka. Ubavuni mwa mashine kulikuwa na kibandiko cha njano, kikubwa kama sahani. Kiliandikwa 9.

"Nyingine," Zenobie alisema.

"Hiyo nimeshaifunga mikanda minne," dereva alilalamika.

"Basi utapata mazoezi."

Walipanda ndani ya lori wote watatu. Chini ya nailoni ya pili kulikuwa na tarakimu moja nyeusi kwenye njano: 4. Dudley alipiga mluzi wa chini.

"Nambari zao wenyewe," alisema. "Kampuni inazipa namba zake. Haiko kwenye ubao wangu, kwa hiyo sikuisoma. Bi Zen, naomba kuzikwa bila sherehe."

"Baadaye. Washa."

Mashine iliamka kwa sauti ya paka. Dudley alipitisha kidole kwenye kioo mpaka akafika kwenye kumbukumbu, akasoma kwa sauti. "Imeanza Jumapili, saa moja na dakika ishirini jioni. Imewekwa kusubiri Jumatatu, saa tatu kasoro dakika tano asubuhi. Baada ya hapo hakuna mtu."

"Jina la mgonjwa?"

"Hakujaza. Kitanda cha sita, basi. Na urefu, kwa sababu bila urefu haijui ipulize kiasi gani."

"Urefu gani?"

Dudley alikodoa macho. "Futi tano na inchi moja."

Zenobie alicheka mpaka dereva naye akacheka bila kujua sababu. "Chapisha," alisema. "Nakala mbili. Na moja kwa Bi Eula, ana kesi yake binafsi."

*

Saa tisa kamati ilikaa. Kulikuwa na Haney, na Daktari Sonnier wa wodi ya mahututi, mwanamke wa makamo aliyekuja na njaa, na Alcide mwisho wa meza, mikono mapajani kama mtoto wa Komunyo ya kwanza. Zenobie aliweka ubao wa Mzee Ovide katikati.

"Hii ni karatasi ya mgonjwa," Haney alisema. "Si rekodi ya matibabu. Siwezi kuipokea."

"Wala mimi siipokei. Ni kidole tu, kinaonyesha njia." Akaweka karatasi za mashine. "Hiki ndicho kilichokuwa mwisho wa njia."

Haney alizisoma pole pole, kila mstari, huku kalamu ikimfuata. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alimtazama Alcide kwa mara ya kwanza siku ile.

"Alirudishwa," alisema. "Ulisema kweli kuhusu usiku."

Alcide alitoa pumzi ambayo pengine aliishika tangu jana.

"Lakini," Haney alisema, na pumzi ikarudi. "Mashine hii iliachwa Jumatatu saa tatu kasoro dakika tano. Mpaka wa saa tisini na sita ni saa tatu na dakika kumi. Zimepungua dakika kumi na tano, Bi Arceneaux. Maelezo ya Fontenot yanadai zaidi ya tisini na sita. Bado yanadai kisichokuwepo."

Haney hakuwa na furaha usoni. Alikuwa na hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi.

"Una watoto, Bwana Haney?"

"Wawili."

"Mkeo alipowaachisha ziwa, alifanyaje?"

Haney alipepesa macho. "Sioni uhusiano."

"Jibu, Prescott Haney," Daktari Sonnier alisema. "Hata mimi nataka kujua."

"Alimnyima mchana," Haney alisema kwa tabu. "Usiku akampa. Siku nyingine akamnyima tena. Ilichukua wiki tatu. Hatukulala."

"Na mtoto aliponyimwa mchana ule wa kwanza, ulitangaza kwamba ameshaacha?"

"Hapana. Alikuwa anaachishwa."

"Kanuni ya msimbo inasema hivyo hivyo." Zenobie alilifungua faili. "Muda wa kuachishwa ni sehemu ya muda wa mashine. Mashine ikitengwa kwa jaribio, iko pembeni inamsubiri, saa inaendelea kuhesabu. Inasimama kuachishwa kunapokwisha. Sasa, Jumatatu kuliisha lini? Sitakwambia mimi. Atakwambia daktari, kwa maneno aliyoandika siku ile ile, kompyuta zikiwa zimeamka." Akasoma: "Saa tano na nusu asubuhi. Amefaulu jaribio la leo. Mpira utolewe. Sonnier."

"Jaribio la leo," Haney alirudia.

"Hilo faili umekuwa nalo tangu jana. Ulisoma ukidhani ni jaribio lile la Jumapili lililoendelea hadi asubuhi, na kwa kumbukumbu ya mashine nambari 7 ilikuwa na maana. Lakini usiku kucha alikuwa amefungiwa nambari 4. Kwa hiyo Jumatatu saa tatu kasoro dakika tano lilianza jaribio jipya, na lilikwisha mpira ulipotoka. Saa tano na dakika arobaini."

"Nilichelewa kufika," Daktari Sonnier alisema. "Ndiyo maana likawa refu. Alcide alinipigia mara tatu. Nitaandika maelezo kuhusu nambari 4 leo hii, nitayatia tarehe ya leo, na nitasaini."

Haney alichukua kalamu yake. Alihesabu pembeni ya karatasi, kutoka Alhamisi, siku kwa siku, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alihesabu tena kutoka nyuma. Mwisho akalizungushia jibu duara, akaisukuma karatasi mbele.

"Tisini na nane na nusu," alisema. "Bwana Fontenot, jina lako haliendi kokote. Nilikosea, na nitaliandika hilo, si kulisema tu."

Alcide akasema, "Asante, bwana." Kisha kwa sauti ya chini: "Bi Zen, ile gumbo imebaki?"

"Umeikumbuka sasa," Zenobie alisema. "Na kuanzia leo andika neno jaribio. Lina herufi saba. Nimezihesabu."

*

Saa kumi alasiri Zenobie alipanda tena ghorofa ya tatu. Haney alimfuata. Alikuwa amesema anataka kumwona shahidi, na alikuwa ameacha kopo lake la majani ofisini. Bi Eula alimtazama juu hadi chini, akafungua karatasi ya nta, akakata kipande cha boudin.

"Kula, baba. Unaonekana kama mtu aliyefiwa na ladha."

Haney alikula. Kisha mkono wake ukarudi kuchukua kingine.

Zenobie alimkabidhi Mzee Ovide ubao wake, na Bi Eula nakala yake ya karatasi ya mashine. Bi Eula alisoma mpaka kwenye urefu, akaikunja mara nne, akaitia kifuani kama hati ya shamba.

Mzee Ovide aliomba kalamu. Alitazama saa ya ukutani, akangoja mshale ufike mahali pake, kisha akaandika kwa mkono usiotetemeka, safu nne, na chini yake akapiga mstari mnene wa kufunga daftari. Akamgeuzia Zenobie asome.

Jumatano, saa kumi na dakika mbili alasiri. Juu. Chombo Arceneaux. Zamu: mimi mwenyewe.